Bolti Nane za Mlango

Jumamosi, 4 Oktoba 1997. Migori

Lori limeingia karakana kwa Nchagwa leo. Hatimaye! Lori kuukuu la jeshi, tani saba, injini nzima, bodi imeoza. Nchagwa ni welda wangu, Mkuria, mdomo mkali kuliko grainda yake. Akalizunguka mara moja, akasema hili si gari, ni mifupa. Nikamwambia mifupa ndiyo ninayotaka. Nyama nitaweka mwenyewe.

Miaka kumi na moja natengeneza mashine za posho za watu. Leo Rongo, kesho Mbita, keshokutwa Sindo, usiku juu ya magunia na unga puani. Dolphine anabaki Migori kwenye chumba cha kupanga, peke yake tangu binti yetu Risper aende bweni. Sasa basi. Kitanda, jiko, tenki la maji, kabati la spana, vyote juu ya magurudumu sita. Nyumba itatufuata kazini. Watu wanacheka. Wacha wacheke.

Ila usingizi sina. Uzito je? Breki je?

Jumatatu, 6 Oktoba

Naandika nisisahau, maana kichwa changu siku hizi ni ungo.

Chesisi ya lori inajipinda barabarani, kama mtu anayejigeuza kitandani. Ukiifunga nyumba kwa bolti pande zote, siku ya kwanza ya mashimo ukuta unapasuka. Kwa hiyo mbele nafunga sehemu mbili kwa nguvu. Nyuma naweka mhimili mmoja katikati, unaocheza, na raba nene chini yake. Nchagwa hakuamini mpaka nilipopandisha gurudumu moja juu ya jiwe, akaona mwenyewe chesisi ilivyopinda. Akanyamaza. Nchagwa kunyamaza! Ningekuwa na kamera ningempiga picha.

Maji lita mia mbili ni kilo mia mbili, hakuna ujanja. Tenki likae chini, katikati ya ekseli, si nyuma. Likikaa nyuma, lori linainua pua mlimani na usukani unakuwa mwepesi. Wepesi huo ndio unaozika watu.

Miguu minne ya chuma ya kuishushia nyumba, ili lori liweze kwenda peke yake — nitatengeneza baadaye. Vyuma vimeisha.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mlango umefungwa. Bamba la chuma, bawaba mbili, bolti nne kila bawaba. Nchagwa alitaka kuziweldi. Nikakataa. Bawaba ya kuweldi kwenye barabara zetu inapasuka mwezi wa pili, halafu utafanyaje, umo Sindo na hakuna welda? Ya bolti unabadilisha kwa spana nambari kumi na tisa. Nchagwa akasema mlango unaotolewa kwa spana si mlango, ni kifuniko cha injini. Na kesho ataniomba nimwoneshe ramani ya kazi hii, namjua.

Bolti ya chini kabisa, ya nane, ilitoka kwenye kopo la vyuma vya zamani. Ina kutu kidogo. Itie grisi kesho.

Betri mbili. Moja ya kuwashia injini, haiguswi na kitu kingine. Nyingine ya taa na redio. Dolphine akinisikilizia taarabu kwa betri ya injini, asubuhi tutasukuma tani saba kwa mikono.

Jumapili, 26 Oktoba. Uriri, nyumbani

Leo yamenikuta.

Tumeleta lori nyumbani ili mama alione. Kumbe Oliver amekuwa akinisubiri. Mdogo wangu huyu ana mchumba, Mourine, mimba ya miezi saba, na wazazi wa Mourine wanataka kuona paa kabla ya mtoto. Lakini hawezi kujenga. Mimi ndiye mkubwa na sina nyumba hapa nyumbani. Kwetu mdogo hampiti mkubwa kwa nyumba. Akimpita, ni chira, ile laana inayokula watoto wa watu taratibu, wanakonda hospitali ikitazama tu. Sijui kama naamini. Ninachojua ni kwamba sithubutu kuijaribu kwenye mtoto wa Oliver.

Nilikuwa nimeahidi kujenga Desemba iliyopita. Na ile ya kabla yake. Badala yake nikajenga lori.

Oliver hakulia, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. Akaniuliza: kaka, wewe una nyumba au huna?

Jumatatu, 27 Oktoba

Baba mdogo Cephas ndiye sasa anasemea ukoo tangu baba afariki. Amekuja asubuhi na fimbo yake, hajanywa hata chai. Akalizunguka lori, akapiga tairi teke, akaumia kidole, akatukana. Nyumba gani inayokunywa dizeli, aliuliza. Nyumba gani jirani yako leo ni fulani, kesho ni fisi.

Walibishana kwa saa tatu nzima. Mama upande wa Oliver, Cephas upande wake mwenyewe. Mimi nilikuwa chini ya lori natoa maji kwenye matangi ya upepo, maana yasipotolewa kila asubuhi breki zinaharibika. Nilitoa maji ambayo hata hayakuwapo, ili nisitoke.

Mwishowe Cephas akauliza matatu tu. Mlango upo? Mke ataingia? Moto utawaka? Basi ni nyumba. Liegeshwe upande wa kulia wa lango, mahali pa mkubwa. Leo mlale humo, wewe na mkeo, moto uwake. Kuanzia kesho Oliver achimbe msingi.

Halafu akanivuta kando, kidole kifuani mwangu. Akasema itembee, haidhuru. Nyumba ni mlango. Lakini siku utakayoung'oa mlango huu umebomoa nyumba yako kwa mkono wako, na Oliver atakuwa amekupita.

Moto tumewasha, stovu ya mafuta ya taa, dirisha wazi. Dolphine alicheka mpaka akashika mbavu: bibi arusi wa lori! Oliver amechinja jogoo. Nimefurahi, yawa, nimefurahi kweli. Nyumba yangu imekubaliwa.

Bolti ya nane bado. Grisi ilibaki Migori.

Ijumaa, 7 Novemba. Awendo

Mvua. Redio inasema Elnino, Elnino. Kila mtu ana Elnino mdomoni.

Jamaa wa mzani wa miwa alinipimia lori kwa urafiki. Mbele sawa. Nyuma tumezidi kilo mia nne! Nilijua! Nimeshusha mota ya mashine, pipa moja na mawe mawili ya kusagia ambayo sijui hata nilikuwa nayabeba ya nini. Dolphine akauliza kama naye ashuke. Sikucheka. Springi zikikatika kule bonde la Lambwe nani ataniuzia nyingine?

Kila nati ya gurudumu nimeipiga mstari wa rangi nyeupe, unaovuka mpaka kwenye rimu. Mstari ukikatika, nati imelegea. Naangalia asubuhi, naangalia mchana, naangalia tukisimama kununua ndizi. Dolphine anasema ndoto zangu zina nati.

Jumatano, 19 Novemba. Sindo

Tumefika. Mashine mbili za posho hapa zimelala, kazi ipo. Na hapa ni kwao Dolphine. Ndiyo maana namwita Nyar Sindo, binti wa Sindo, akinikasirisha, na akinifurahisha pia.

Leo mama yake alikuja kutuona. Mama Jerusha, mjane, anauza samaki tangu mimi sijajua kunyoa. Nilimsalimia kwa mbali, macho chini, kama mkwe anavyopaswa. Alibeba ngege watatu wakubwa kwenye karai. Akalitazama lori kwa muda mrefu, akapenda mapazia. Akamwuliza Dolphine, si mimi, maana hatuongei ana kwa ana hivyo: hiki kitu ni gari au ni nyumba?

Mimi mjinga nikadakia. Majivuno tu! Nikasema kwa sauti, ni nyumba kabisa, Mama. Wazee wameikubali. Moto uliwashwa.

Mama Jerusha alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. Akaushusha. Akarudi nyuma hatua mbili, akacheka kwa adabu, akasema basi chai atanywea hapa nje. Mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, hilo mtoto mdogo analijua. Na huyu mama hata kupitisha mguu hataki, asije akasinzia kwa bahati mbaya, alisema. Tukacheka sote. Alikunywa chai akiwa amekaa kwenye tairi la akiba.

Jumanne, 2 Desemba

Mama Jerusha anaumwa. Wiki jana alichomwa mguuni na mwiba wa kambare pale ufukweni. Akapaka majivu, akaendelea kuuza. Leo Dolphine amerudi kutoka kwake uso umebadilika. Mguu umevimba mpaka goti, unang'aa. Homa. Dispensari hapa wamempa sindano, wakasema afike Homa Bay, hospitali kubwa, na asichelewe. Akichelewa, mguu unaweza kupotea, na yeye pia.

Afike na nini? Mabasi yameacha kuja tangu Ijumaa, barabara ni mto. Maboti hayatoki, magugu ya ziwani yamefunga ufuko na nje kuna upepo. Gari refu lenye magurudumu ya kuvuka tope Sindo nzima ni moja.

Jumatano, 3 Desemba

Amekataa.

Dolphine amekwenda mara tatu. Jibu ni moja: atakufa kwake, hatakwenda kulala kitandani kwa mkwe wake na kuwaachia wajukuu aibu. Dolphine akamwambia ni gari, Mama. Akamjibu, mwenye nyumba mwenyewe aliniambia ni nyumba.

Mdomo wangu! Ningenyamaza siku ile, tungempandisha tu. Na nyumba haishuki, kwa sababu ile miguu minne sikuitengeneza. Ningeitengeneza, leo ningeiacha nyumba hapa kwenye miguu yake, nikafunga turubai juu ya chesisi, na hakuna ambaye angekuwa na neno.

Nilifikiria hata kumweka mbele, kwenye kebini. Hawezi kukaa, mguu lazima unyooke. Na bega kwa bega na mimi? Afadhali mto umchukue.

Jioni. Amekubali kwa masharti. Safari ni safari, mchana si kulala. Atapanda jua likiwa juu na atashuka jua likiwa juu. Na Dolphine asimwache afumbe macho.

Sindo hadi Homa Bay siku kavu ni saa tatu. Tukitoka jua likishachomoza tukafika saa nane, saa tisa, vizuri. Nimeangalia nati zote. Nimetoa maji kwenye matangi. Mafuta, belti, tairi, yote sawa. 

Alhamisi, 4 Desemba. Karibu na Mto Lambwe

Saa tano na nusu asubuhi. Tumesimama. Mto umepita juu ya kivuko, mweusi, unabeba matawi na mara moja kuku mzima. Wenyeji wanasema mvua ikipumzika kidogo mto utashuka. Nimechomeka kijiti ukingoni, napima. Nyuma nasikia Dolphine anaongea na mama yake. Anaongea bila kupumzika, kama redio.

Saa nane. Maji yameshuka vidole viwili. Mvua imeanza tena.

Saa tisa na nusu. Yamepanda vidole vinne. Nilirudisha lori nyuma kutafuta mahali pa juu, na jiwe limepiga paipu ya upepo chini. Psss! Sindano ya upepo ikashuka mpaka sifuri mbele ya macho yangu. Bila upepo hakuna breki, na mbele ni mteremko hadi majini. Nimelala kwenye tope nimefunga kipande cha raba na klipu tatu. Inashika. Nadhani inashika. Lakini hata ikishika ni ya nini? Maji hayashuki leo. Nyuma nako daraja dogo tulilolipita saa nne limeshafunikwa.

Hatufiki. Tutalala hapa. Nimeyaandika niyaone, maana mdomo umekataa kuyasema.

Saa kumi na moja. Nimemwambia Dolphine kupitia dirishani. Mimi siwezi kuingia, Mama amelala, yaani hajalala! Amenyooshwa kitandani. Dolphine akatoka kwenye ngazi, akafunga mlango nyuma yake, akalia kwenye mvua bila sauti. Mama anaunguza mkono ukimgusa. Macho yanafumba yenyewe. Anajipiga makofi asilale. Ameomba ashushwe jua likizama, alazwe chini, nje, apewe turubai tu. Chini ni maji mpaka kifundo cha mguu. Na mguu ule!

Dolphine akanishika shati. Akasema, Baba Risper, fanya kitu. Wewe ndiye fundi.

Fundi! Mlango. Nyumba ni mlango, alisema Cephas; bila mlango ni gari tu. Mlango nimeufunga mimi, kwa bolti, makusudi, ili utoke kwa spana.

Na Oliver? Keshokutwa Jumamosi anaezeka, ndivyo barua yake ya mwezi jana ilivyosema. Mabati yameshanunuliwa. Nikiung'oa leo, Jumamosi mdogo wangu atakaa chini ya paa na mkubwa wake hana nyumba. Mtoto wa Mourine atazaliwa ndani ya hilo. Siwezi kumpata, hakuna simu, hakuna barabara. Angekuwa hapa ningemwuliza. Angesema nini? Angesema ng'oa. Nadhani angesema ng'oa. Sijui! Oliver, nisamehe. Nitajenga, ya matope, ya kweli, mikono yangu hii, sijui lini.

Yule yuko huko mbele, hajazaliwa. Huyu yuko hapa.

Saa kumi na mbili kasorobo. Nimeanza na ya juu. Moja. Mbili. Tatu. Nne, bawaba ya juu imeachia, mlango umeinama, nimeuegemeza bega.

Sauti ya Mama ikatoka ndani, nyembamba: chuma gani hicho kinalia?

Dolphine akamwambia, ni Baba Risper. Anabomoa nyumba yake.

Mvua tu juu ya mabati. Nikasimama na spana mkononi, nikidhani atakataa hata hili.

Kisha akasema polepole, mwambie aharakishe. Usingizi umenishika.

Tano. Sita. Saba.

Ya nane haigeuki. Ya chini, ya kutu, ya kopo la vyuma vya zamani, ya itie grisi kesho. Spana inateleza, kichwa cha bolti kimeanza kuwa duara. Nimeimwagia dizeli. Inataka dakika kumi iingie kwenye hesi, zile nyuzi za bolti. Naandika hapa kwenye ngazi, daftari chini ya koti, kwa sababu nikiacha mikono bure nitapiga kelele.

Jua liko upande wa ziwa, jekundu chini ya wingu, upana wa kiganja umebaki.

Ndani Dolphine anamtajisha mama yake majina ya dada zake, ili asilale. Wako saba. Ametaja wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, yule aliyeolewa Rusinga. Dolphine anauliza, na wa nne, Mama? Wa nne ni nani?

Dakika ya sita.

Anauliza tena wa nne.

Nachukua nyundo.